Deraya ya Jirani

Mwaka 2009 Uswidi ilikuwa inatafuta magari ya deraya ya magurudumu manane kwa ajili ya askari wake wa miguu. Zabuni ikatangazwa, na mshindi akawa Patria, kampuni ya Ufini yenye kiwanda katika mji wa Hämeenlinna. Kampuni iliyoshindwa ilikuwa na kiwanda kikubwa ndani ya Uswidi kwenyewe, kule Örnsköldsvik, mji ambao kwa miongo mingi umeunda magari ya vita na kuyauza nje. Ikaenda mahakamani. Zabuni ikabidi irudiwe. Mwaka 2010 Patria ikashinda tena, na Uswidi ikatia saini kununua magari 113.

Habari za namna hii husomwa na wanajeshi na wafanyabiashara, kisha zikasahaulika. Mimi zinanishughulisha kwa sababu nyingine. Gari la deraya ni sanduku la chuma ambamo taifa linawapakia vijana wake na kuwaambia: kaeni humu, njiani kuna mabomu. Fundi aliyechomelea bamba la chini hawajui vijana hao, wala hatawaona. Lakini siku bomu litakapolipuka chini ya gurudumu, uhai wao utategemea uaminifu wa mikono yake. Basi anayenunua gari hilo nje ya mipaka yake amekabidhi roho za wanawe kwa watu wasio wa kwao. Uswidi ilifanya hivyo mara mbili kwa ununuzi uleule, mara ya pili ikiwa imekwisha kusikia malalamiko yote ya viwanda vyake.

Na aliyekabidhiwa ni nani? Kwa karne nyingi Ufini haikuwa nchi. Ilikuwa upande wa mashariki wa ufalme wa Uswidi, ikitawaliwa kutoka Stockholm, hadi mwaka 1809 Urusi ilipoitwaa baada ya vita. Ilipopata uhuru mwaka 1917, ugomvi wa kwanza na mtawala wake wa zamani haukuchelewa. Wakazi wa visiwa vya Åland, wanaozungumza Kiswidi, walitaka kurudi Uswidi, na mwaka 1918 Uswidi ikapeleka askari huko. Shauri likafika mbele ya Shirikisho la Mataifa, ambalo mwaka 1921 liliamua kwamba visiwa vibaki Ufini, wenyeji walindiwe lugha yao, na pasiwekwe ngome wala majeshi. Uswidi haikupendezwa na uamuzi huo, lakini iliukubali. Nadhani hapo ndipo mkataba wa magari 113 ulipoanza kuandikwa, miaka 89 kabla ya kutiwa saini. Jirani aliyeshindwa shaurini akaondoka bila kuchoma nyumba ni jirani ambaye siku moja unaweza kumuuzia silaha.

Kisha ikaja Vita ya Majira ya Baridi. Tarehe 30 Novemba 1939 Wasovieti waliivamia Ufini. Uswidi ilitoa bunduki, mizinga na ndege, na Waswidi wa kujitolea zaidi ya 8,000 walivuka mpaka. Katika miaka ya vita iliyofuata, watoto wa Kifini wapatao 70,000 walipelekwa Uswidi wakalelewa katika nyumba za watu wasiowafahamu. Huo ni wema usiosahaulika. Lakini jeshi la Uswidi lenyewe halikuja. Serikali ya Stockholm iliona kwamba kuingia vitani ni kuiponza nchi nzima, na mwezi Machi 1940 Ufini ililazimika kukubali amani ya kupoteza ardhi. Sitaki kuwahukumu waliofanya uamuzi ule. Walikuwa wamezungukwa na Hitler upande mmoja na Stalin upande wa pili. Ninachotaka kionekane ni hiki: silaha zinaweza kuvuka mpaka zikiwa peke yake, bila ahadi. Jirani anakupa bunduki, kisha anabaki ng'ambo ya mto akikuombea. Mfini aliyeishika bunduki ile alijua ameonewa huruma, na alijua pia kwamba yuko peke yake.

Kwa hiyo bunduki iliyotoka Uswidi mwaka 1939 na gari lililotoka Ufini baada ya 2010 ni vyuma vyenye maana mbili tofauti, ingawa vyote ni silaha na vyote vilivuka mpaka uleule. Tofauti imo katika kinachosafiri pamoja na chuma.

Hebu tutazame linavyokwenda jambo lenyewe siku hizi. Mwaka 2019 Ufini na Latvia zilianzisha mpango wa pamoja wa gari la deraya la Patria, safari hii la magurudumu sita. Uswidi ikaingia mwaka 2022, Ujerumani ikafuata, na mwaka 2025 Denmark na Norwei nazo zikajiunga. Mwezi Machi 2024, mwezi uleule ilioingia NATO baada ya miaka 200 hivi ya kutofungamana na upande wowote, Uswidi iliagiza magari 321 ya aina hiyo. Gari la namna hii hutumika miaka 30 au zaidi. Katika miaka hiyo litahitaji vipuri, matairi, injini mpya, deraya nzito zaidi, na vingi kati ya hivyo vitatoka katika viwanda vya Patria au kwa ridhaa yake. Fundi wa jeshi la Latvia akikuta gari la Uswidi limekwama njiani, anaweza kulifungua na kukuta kila parafujo pale anapopajua. Kijana ambaye hajazaliwa leo atakuja kupanda gari hilo, na uhusiano wa nchi hizo utalazimika kuwa hai siku hiyo kama ulivyo sasa, la sivyo gari litasimama.

Tumezoea kufikiri kwamba nchi huru ni ile isiyomtegemea mtu. Uswidi yenyewe iliishi kwa imani hiyo wakati wa Vita Baridi: iliunda ndege zake, nyambizi zake, vifaru vyake, kwa gharama kubwa na kwa fahari. Siidharau fahari hiyo. Lakini naona kuna uhuru mwingine, na pengine ni mgumu zaidi: wa kuchagua mwenyewe ni nani utakayemtegemea, kisha kuishi naye ukijua kwamba ana uwezo wa kukuumiza. Asiyemhitaji mtu hajawahi kuupima uaminifu wa yeyote.

Norwei inalithibitisha hilo kwa upande wake. Mwaka 1905 ilipojitenga na Uswidi, pande zote mbili ziliita askari wao. Vita haikupiganwa. Wajumbe walikutana Karlstad wakakubaliana, na ngome za mpakani zikabomolewa. Mwaka 1994 Norwei ileile ikawa mteja wa kwanza wa nje kuagiza magari ya vita ya minyororo kutoka Örnsköldsvik. Leo karibu nusu ya hisa za Patria zinamilikiwa na kampuni ya Norwei, Kongsberg, ambayo nayo nusu yake ni ya serikali ya Norwei. Yaani Mswidi anapolipa gari la Ufini, sehemu ya faida inakwenda kwa nchi ambayo babu zake walikaribia kupigana nayo. Wahenga wetu walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Watu wa kaskazini wamelifahamu hilo kwa uchungu wa mwaka 1940, na mpaka wa Ufini na Urusi, wenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,300, hauwaachi walisahau.

Ningependa kuishia hapo, penye picha nzuri ya majirani waliopatana. Haki hainiruhusu.

Magari ya aina ileile ya Patria yaliuzwa pia Umoja wa Falme za Kiarabu. Kuanzia mwaka 2015 nchi hiyo ilipigana Yemen pamoja na Saudi Arabia, na picha kutoka huko zilionyesha magari ya Patria yakiwa vitani. Mwaka 2016, vita ikiendelea, serikali ya Ufini iliridhia mauzo ya mengine 40. Gari ni la aina ileile. Lakini kati ya Ufini na Yemen hapakuwa na mto wa kuvuka wala watoto waliowahi kulelewa katika nyumba za wenzao, na hapakuwa na kizazi ambacho kingekuja kuulizana. Kulikuwa na bei na kibali, basi. Gari ambalo kwa Mswidi lilikuwa ahadi, kwa Myemeni aliyeliona likija mtaani kwake lilikuwa kitu kingine kabisa, na yeye hakuwa na zabuni ya kupinga wala mahakama ya kuiendea.

Mwezi Novemba 2018, baada ya mjadala mkali na baada ya kuuawa kwa mwandishi wa Saudi Arabia, Jamal Khashoggi, serikali ya Ufini ilitangaza kwamba haina msingi wa kutoa vibali vipya vya silaha kwa Saudi Arabia wala kwa Umoja wa Falme za Kiarabu. Ilifanya vyema. Lakini swali la nani atakayesimama mbele ya gari lile lilikuwepo tangu siku ya kwanza ya mauzo, na nchi iliyojua thamani ya ahadi kwa jirani yake haikuwa na udhuru wa kungoja miaka mitatu ya vita ndipo iliulize.