Mgonjwa wa Akili Mbele ya Hakimu

Mtu ambaye akili yake imeugua akivunja sheria, haki yadai tumfanye nini?

Sheria tuliyoirithi kwa Waingereza ililijibu swali hilo mwaka 1843, huko London, pale Daniel M'Naghten alipomwua katibu wa Waziri Mkuu kwa kudhani kwamba anaandamwa na maadui. Alionekana hana hatia kwa sababu ya wazimu, akafungiwa hospitali hata kufa kwake. Kwetu nasi mshitakiwa wa namna hii huweza kupelekwa Isanga, Dodoma, akachunguzwe. Mwizi wa kuku hutajiwa miezi ya kifungo chake. Huyu aliyetenda akiwa mgonjwa hatajiwi. Je, yupi aliyehurumiwa?

Marekani wamejaribu njia nyingine. Mwaka 1997, katika wilaya ya Broward, jimbo la Florida, ilifunguliwa mahakama ya wenye maradhi ya akili walioshitakiwa kwa makosa madogo, chini ya hakimu Ginger Lerner-Wren. Leo mahakama za namna hiyo nchini humo zimepita 300. Mwendesha mashtaka, wakili na waganga hukaa pamoja kutafuta tiba badala ya kushindana. Mshitakiwa huulizwa kama anakubali. Akikubali, hutibiwa nje ya jela, na kila baada ya muda hurudi mbele ya hakimu kueleza anavyoendelea. Akimaliza vema, mara nyingi mashtaka hufutwa au hupunguzwa.

Hapo penye kukubali ndipo tunapokwama. Sisi tuliofundisha twakijua kibali cha mtoto aliyeambiwa achague fimbo au kufyeka uwanja: hukubali kufyeka kabla swali halijaisha. Mtu mwenye jela mbele yake atasema ndiyo kwa dawa yo yote, hata ile inayomtetemesha mikono. Wapo wanaosema kwamba kibali cha namna hii si kitu. Hatukubaliani nao kabisa. Mtu aliyebanwa aweza bado kuchagua, mradi aelezwe waziwazi, awe na wakili wake, na akikataa asiadhibiwe kuliko ambavyo angeadhibiwa tangu mwanzo. Kosa la mwalimu si kumpa mtoto njia mbili. Ni kuziongeza fimbo ili kufyeka kuonekane kutamu.

Linalotusumbua zaidi ni jirani yake, mwenye ugonjwa ule ule, asiyeiba wala kuvunja dirisha la mtu. Huyo hana hakimu wa kumwuliza habari zake. Kama tiba yapatikana kizimbani upesi kuliko zahanatini, basi tunamfundisha mgonjwa kuiba.

Yule wa Wagerasi, katika Marko sura ya 5, watu wa kwao walimfunga pingu na minyororo, naye akaivunja. Alipopona aliomba kupanda chomboni pamoja na Bwana, lakini Bwana akamrudisha nyumbani. Marko hasemi kama wale waliomfunga walimpa mahali pa kulala usiku ule.