Kimya cha Panya

Usiku panya hupita darini kwetu. Nasikia kucha zao juu ya mbao, mbio fupi, kisha kimya. Kimya hicho zamani nilikiita woga.

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Humboldt, Berlin, walieleza jinsi walivyowafundisha panya mchezo wa kujificha. Kombolela, kwa lugha ya uani kwetu. Chumba cha mita za mraba 30, maboksi machache, na mtu mzima amechuchumaa nyuma ya mojawapo akingoja kuonekana. Panya akifungiwa katika kisanduku cha kuanzia, zamu yake ni kutafuta. Kisanduku kikiachwa wazi, ni yeye wa kujificha. Hakupewa chembe ya chakula. Tuzo yake ilikuwa kutekenywa.

Hapo kwenye kutekenywa nakaa kitambo. Vidole vya mtu, kifua kidogo chenye joto, na kicheko, kama kicheko ndilo neno lake, chembamba mno, kilichopaa juu ya pale sikio letu linapoishia. Ni vyombo tu vinavyokinasa. Tangu lini kicheko hicho kinapita juu ya vichwa vyetu, sokoni, ghalani, chini ya vitanda?

Panya walipompata mtu wao, walipiga sauti hizo. Walipojificha, walinyamaza. Waliyachagua maboksi yasiyoonyesha ndani, wakayaacha yanayoonyesha. Na mara nyingi panya akishapatikana alichopoka akakimbilia kujificha tena, tekenyo likingoja.

Nyuzi nyembamba zilizopandikizwa vichwani zilisikiliza seli za sehemu ya mbele ya ubongo. (Panya haombwi ruhusa, hilo nalo linanikaa moyoni.) Kifuniko cha kisanduku kilipofungwa, baadhi ya seli hizo zilibadili mwendo wake, kana kwamba zimesikia mchezo unaanza. Hayo yakapimika, nami nawashukuru waliopima. Lakini fikira zangu hurudi kwa yule aliyejikunyata bokisini, amenyamaza, anasikiliza hatua zinazokuja.

Utotoni, nami nilikuwa nikijificha nyuma ya pipa la maji. Ubaridi wa bati mgongoni, dada akihesabu ukutani, harufu ya udongo uliolowa. Niliomba asinione. Kisha, giza lilipozidi, niliomba anione.

Darini sasa kumetulia. Nimezima taa, nimebana pumzi.