Je, Nia Njema Huisafisha Rushwa?

Swali hili huulizwa sana, khasa uchaguzi unapokaribia: Ikiwa mtu ni mwema, na ataka kuingia Bungeni ili awafae watu, na mlango haufunguki ila kwa fedha, je, hana udhuru?

Natutazame kisa cha Uingereza, zama za Malkia Victoria. Jacob Bell alikuwa mfanya biashara wa dawa mjini London, aliyezaliwa katika madhehebu ya Quaker, watu waliosifika kwa uaminifu wa biashara. Siku hizo mtu yeyote aliweza kufungua duka akauza dawa, ajue asijue, na wanyonge wakadhurika. Bell alikuwa miongoni mwa walioasisi chama cha wauza dawa mwaka 1841, kisha akataka pawe na sheria. Mwaka 1850 alichaguliwa mjumbe wa mji wa St Albans. Lakini kura za mji huo zilikuwa zikinunuliwa, na fedha zake zilipita kwa wakala zikawafikia wapiga kura. Mwaka 1851 ukafanywa uchunguzi, na aibu ikafichuka.

Sheria aliyoitaka ilipita mwaka 1852, japo si kamili. Mwaka huo huo mji wa St Albans ulinyang'anywa haki ya kupeleka wajumbe Bungeni. Aliyeuza kura na asiyeuza wakaadhibiwa pamoja.

Basi na tupime. Mwenye kusema, "Sikutoa mimi, ametoa wakala wangu," hana hoja, kwani mkono wa wakala ni mkono wa aliyemtuma. Muuza dawa mwaminifu hamwachii mtumishi apime sumu bila ya yeye kuitazama mizani. Vipi ataiacha amana ya mji mzima asiulize fedha zimekwenda wapi? Na mwenye kusema, "Nia yangu njema," na ajue kuwa nia haigeuzi haramu ikawa halali. Aibaye ili atoe sadaka ni mwizi. Mtume s.a.w. amemlaani mtoa rushwa na mpokeaji, wala hakumtoa katika laana hiyo mwenye kudai kheri.

Kura ni ushahidi. Mwema anayeinunua humfundisha maskini kuuza ushahidi wake. Naye akishajifunza, kesho atamwuzia mwovu, kwani mwovu hutoa zaidi. Dhara hilo halifutwi na sheria yoyote njema. Mlango usiofunguka ila kwa haramu, mwema na asimame nje yake, na aiseme haki huko huko nje.

Mwenyezi Mungu atuongoe.