Mleta Habari ni Shahidi

Ndugu yetu mmoja akaaye Maseno, upande wa Kisumu, ametuletea suala ambalo tumeona si vyema kumjibu yeye peke yake, kwani jawabu lake latuhusu sote. Auliza: Mwandishi wa gazeti au mtangazaji wa redio ambaye watu wake wamedhulumiwa katika uchaguzi, je, ana makosa akiwapendelea watu wake katika habari zake, ikiwa dhuluma yenyewe ni ya kweli?

Suala hili halikutoka patupu. Watu wa Kisumu wameonja machungu ya uchaguzi kuliko wengi wetu. Matokeo ya kura ya tarehe 27 Desemba 2007 yalipotangazwa jioni ya tarehe 30, nchi iliwaka moto, na zaidi ya watu 1,100 walikufa kabla ya mapatano ya tarehe 28 Februari 2008. Katika Agosti 2017 polisi waliingia mitaani Kisumu usiku, na mtoto mchanga wa miezi sita akapigwa nyumbani kwao Nyalenda, akafa. Hakimu aliyechunguza kifo hicho aliamua mwaka 2019 kuwa polisi ndio wa kulaumiwa. Basi aulizaye si mtu wa kuambiwa kuwa dhuluma ni dhana yake tu.

Na jawabu letu ni hili: Ndiyo, ana makosa, na makosa yake yawadhuru wale wale aliotaka kuwasaidia.

Sababu ya kwanza ni kwamba kuleta habari ni kutoa ushahidi. Asemaye, «Nimeona,» au, «Nimeambiwa na fulani,» amesimama mahali pa shahidi, ijapokuwa hakuitwa mahakamani wala hakula kiapo. Wanavyuoni wetu wa Hadithi walilijua jambo hili kabla hayajakuwako magazeti. Hawakupokea habari kwa kuwa ni tamu, wala kwa kuwa mletaji ni mtu wa kwao. Walimtazama kwa mambo mawili: uadilifu wake, yaani hasemi uongo wala hafuati matamanio, na dhabti yake, yaani ahifadhi sawasawa alichosikia, asizidishe wala asipunguze. Mtu aweza kuwa mcha Mungu na habari yake ikakataliwa kwa kuwa hana dhabti. Ali bin al-Madini, aliyekuwa mwalimu wa Imam Bukhari, aliulizwa juu ya upokezi wa babake mzazi, akatangaza kuwa babake ni dhaifu. Hakumchukia babake, bali alijua kuwa watu watajenga juu ya neno lake, na ajengaye juu ya mchanga huangukiwa na nyumba.

Sababu ya pili ni kwamba haki haihitaji msaada wa uongo. Katika Januari 2008 televisheni ya KTN ilionyesha picha zilizochukuliwa Kondele, Kisumu: polisi amfyatulia risasi kijana asiye na silaha, kisha ampiga mateke naye yuko chini. Mpiga picha hakuongeza tusi wala kilio. Aliweka mbele ya macho ya watu lililotendeka, na nchi nzima ikanyamaza. Askari mmoja alishitakiwa kwa mauaji, naye akaachiliwa na mahakama mwaka 2010, kwani ushahidi juu ya bunduki haukutosha. Huenda mtu akasema: «Basi ukweli ulifaa nini?» Twamjibu: Mahakama haikusema kuwa picha ni za uongo. Kifo kile hakikanushiki hata leo. Lau mletaji wa picha zile angalizitia chumvi, angalisema wameuawa wengi kuliko waliouawa kweli, mabishano yote yangalikuwa juu ya wale waliozidishwa, na waliouawa kweli wangalisahauliwa. Atiaye uongo mmoja ndani ya kweli kumi amempa adui yake maji ya kuzioshea zote kumi.

Huenda mwingine akageuza suala upande wa pili, akasema: «Ikiwa habari yaweza kuleta fitina, si bora vyombo vinyamaze?» Hili ndilo lililosemwa na serikali usiku wa tarehe 30 Desemba 2007, ilipopiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, na marufuku hayo yakadumu zaidi ya mwezi. Na tarehe 30 Januari 2018 ilizima vituo vya televisheni vya Citizen, NTV na KTN siku ya kiapo cha Raila Odinga katika bustani ya Uhuru. Je, watu walitulia kwa kutojua? La. Mahali habari ya kweli ilipofungiwa mlango, uvumi uliingia kwa dirisha. Kungoja mpaka habari ihakikishwe ni wajibu; kuificha baada ya kuhakikishwa ni kuficha ushahidi, na hilo ni dhambi tuijuayo sote. Tarehe 3 Januari 2008 magazeti makubwa ya nchi, yaliyozoea kushindana, yalitoa tahariri ya pamoja kuwaomba viongozi waiokoe nchi. Hilo lilikuwa jema. Lakini kuomba amani hakumwondolei mwandishi deni la kueleza nani aliyekufa na nani aliyemwua.

Iko na aina nyingine ya upotofu, nayo ni kusema kweli nusu. Katika Agosti 2022 fomu za vituo vya kura, zaidi ya 46,000, ziliwekwa wazi kwa kila mtu, na kila televisheni ikafanya hesabu yake. Kwa kuwa kila moja ilianza na fomu zake, saa ile ile moja ilimwonyesha William Ruto yuko mbele na nyingine ikamwonyesha Raila Odinga. Hakuna iliyosema uongo; walakini mtazamaji aliona hesabu ya sehemu akaidhani ya wote. Kisha hesabu zikakatizwa kabla ya kumalizika, watu wakabaki kuuliza sababu. Dhabti ilitaka waambiwe tangu mwanzo: hizi ni fomu kadha, za mahali fulani, na zilizobaki ni kadha.

Ama redio na magazeti ya lugha za nyumbani, hatuyalaumu kwa lugha zao. Achieng Oneko, aliyesoma Maseno, aliendesha gazeti la Ramogi kwa Kijaluo katika miaka ya 1940, na watu wake wakapata mahali pa kutoa rai zao mbele ya dola ya kikoloni. Lugha ya mama huingia moyoni bila ya kubisha hodi. Ndiyo maana amana ya aitumiaye ni nzito zaidi. Mtangazaji wa Kass FM, Joshua arap Sang, alishitakiwa The Hague kwa ghasia za 2007 na 2008. Tarehe 5 Aprili 2016 mahakimu wawili katika watatu waliifunga kesi, hakutiwa hatiani. Na sisi, tunaohubiri insafu, haitujuzii kumwita mwenye hatia. Lakini kila mtangazaji na azingatie kuwa neno la hewani halina pa kurudi.

Nasi watu wa pwani tusidhani haya ni ya bara tu. Katika Agosti 1997, kabla ya uchaguzi, vikaratasi visivyo na jina la mwandishi vilienezwa vikiwataka watu wa bara wahame, na Likoni ikamwaga damu. Majirani zetu waliokimbia walikuwamo Wajaluo wengi, jamaa za hao hao wa Kisumu. Leo vikaratasi hivyo vimo mifukoni mwetu, ndani ya simu. Wengi wetu hueneza habari kisha wakajikinga kwa methali, «Lisemwalo lipo, na kama halipo laja,» wakaifanya hoja. Hiyo si hoja. Aenezaye asichokihakiki ni mshirika wa aliyekizua, na Qur'ani katika Sura ya Hujurat imetuamrisha kupeleleza kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga tukajuta.

Basi, ndugu yetu wa Maseno, mwambie mwandishi wako awapende watu wake, hilo halikukatazwa. Na akitaka kuwatetea, aandike rai yake mahali pa rai, kwa jina lake. Lakini katika habari ataje aliloliona, amtaje aliyemwambia, amwulize na mtuhumiwa, na akikosea asahihishe mahali pale pale alipokosea, kwa herufi zile zile. Akifanya hivyo, siku atakaposema, «Watu wangu wamedhulumiwa,» hata hasimu wake atajua kuwa asema kweli.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.