Maana ya Neno "Yangu"

Neno moja dogo hututoka kinywani kila siku pasipo kulifikiri, nalo ni neno "yangu." Leo na tulipime kwa mfano wa nyumba.

Katika mji wa London, Uingereza, ziko nyumba nyingi kubwa zilizojengwa zamani za Malkia Victoria, aliyetawala tangu 1837 hata 1901. Nyingi zilikuwa makao ya jamaa moja yenye mali pamoja na watumishi wao. Wenyewe walikaa juu, penye vyumba vipana na madirisha marefu. Jiko lilikuwa chini kabisa, nusu yake ndani ya ardhi, na huko watumishi walifanya kazi tangu alfajiri hata usiku. Baadaye nyumba hizo zikagawanywa, kila orofa ikawa makao ya watu mbali. Siku hizi fungu la chini latafutwa sana, maana mara nyingi mlango wake wa nyuma ndio ufungukao bustanini, na mnunuzi huipata bustani iwe yake peke yake.

Haya, mtu ayanunua makao hayo kwa akiba ya maisha yake yote. Afunga mlango, aitazama bustani, asema, "Ni yangu." Lakini akiisoma hati yake vema, mara nyingi ataona ya kuwa amenunua miaka tu, labda 99, labda 125, ardhi yenyewe ni ya mwingine. Miaka ikipungua, bei nayo hupungua. Sheria ya 1993 iliwapa wengi wao haki ya kununua miaka 90 zaidi, lakini hiyo nayo ina mwisho. Nasi wa Tanzania tusiwacheke: kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake, na hati ya kiwanja hutolewa kwa muda usiopita miaka 99.

Hapo mwingine atauliza, "Kama ni hivyo, kwa nini nitengeneze paa litakalomfaa mtu nisiyemjua? Kwa nini nipande mti?" Swali hili si la kipumbavu, maana fedha ni chache na watoto wataka kula leo. Lakini tuseme kwamba bustanini mwake umo mtofaa wa kale. Aliyeupanda hayupo tena. Labda hakuyaonja matunda yake. Basi aulizaye hivyo anakula matunda ya mtu ambaye hakuuliza.

Kwa hiyo naona ya kuwa neno "yangu" halina maana ya "nitafanya nipendavyo." Maana yake ni "nitaulizwa mimi." Paa likivuja, nitaulizwa mimi, mti ukikauka kwa kukosa maji, nitaulizwa mimi. Hati yaonyesha siku ya kuingia na siku ya kutoka. Haisemi tutakaaje katikati.

Kabla ya kutia sahihi, twauliza kwa bidii, "Bei gani?" Ni vema. Tuulize tena, "Nitaiacha katika hali gani?" Wazee walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ndugu, sote tu wageni katika nyumba zetu, na siku ya tatu imekwisha kufika.