Peke Yake, au Mpweke?



Tulipokuwa tukifundisha Kiingereza, jambo lililotutoa jasho halikuwa nyakati za vitenzi, bali yale maneno ambayo kamusi huyatia fungu moja kana kwamba ni mamoja. Chukua neno 'alone'. Hilo ni hesabu tu: mtu hana mwenziwe hapo alipo. 'Lonely' ni habari ya moyo, nayo humpata hata aliyezungukwa na watu. 'Solitude' ni utulivu wa aliye peke yake, na mara nyingi ameutafuta mwenyewe. Wanafunzi walinung'unika kwamba Waingereza wana maneno mengi kwa jambo dogo. Tukawajibu kwamba hata sisi twasema peke yake, mpweke, mkiwa, tena faragha, wala mtu mwenye akili hachanganyi faragha na ukiwa.

Siku moja tuliwapa watunge sentensi juu ya Dakta Livingstone, maana ni mtoto gani wa Tabora asiyejua habari za Kwihara? Jibu tulilolitaka ni kwamba Stanley alipoondoka, tarehe 14 Machi 1872, Livingstone alibaki 'alone' katika tembe ile hadi Agosti, akingoja wapagazi kutoka pwani. Ndivyo tulivyofundishwa nasi. Mwanafunzi mmoja akaandika kwamba hakuwa 'alone', kwa kuwa Susi na Chuma walikuwapo. Tukampiga mkasi kwa wino mwekundu.

Tangu tustaafu tumelikumbuka kosa lile mara nyingi, nasi twaona kwamba mwenye kosa alikuwa mwalimu. Tembe ile, ambayo leo ni makumbusho, haikukaliwa na mtu mmoja. Alikuwamo Halima mpishi, na wengine kadhaa. Chuma alikombolewa utumwani mwaka 1861 akiwa kijana mdogo, akakaa na wamisionari wa kwanza wa UMCA, Waanglikana wenzetu. Yeye na Susi walikuwa wamefuatana na Livingstone tangu 1866. Miaka sita njiani! Kama hao si wenzi, mwenzi ni nani basi? Waliosema kwamba yu peke yake walikuwa wamehesabu Wazungu. Nasi, wenyeji wa nchi, tukainakili hesabu hiyo ubaoni bila kuuliza.

Hatusemi hakuwa mpweke. Mtu aweza kupikiwa na kuuguzwa na watu wema, na bado akatamani kuzungumza lugha ya mama yake. Hilo si dharau kwa wampikiao.

Tena tufikiri juu ya njia yenyewe, itokayo Bagamoyo kwenda Ujiji kwa kupitia hapa kwetu Unyanyembe. Katika msafara wa mamia, nani angesema mtumwa yu peke yake? Yumo mnyororoni, mbele watu, nyuma watu. Lakini aliyetolewa Manyema akauzwa mbali, pasipo hata mmoja wa kwao, huyo alikuwa mkiwa. Hatujaona bado neno la Kiingereza litoshalo hapo.

Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Kijana aliyekesha naye alikuwa amesinzia. Susi na wenzake walipoingia walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda. Ikiwa iko saa ambayo 'alone' yafaa kwa hesabu, ni saa hiyo, lakini Wakristo twajua alikuwa akisema na nani. Bwana wetu mwenyewe alikuwa akiamka kabla ya mapambazuko na kwenda mahali pasipo watu ili aombe. Hiyo ndiyo faragha.

Oktoba mwaka ule wenzake wakafika hapa Unyanyembe wakiuchukua mwili wake. Luteni Cameron, Mwingereza waliyemkuta hapa, akawashauri wauzike papa hapa. Wakakataa, wakaendelea mpaka Bagamoyo, Februari 1874.

Tumeyaandika haya kwa sababu ya orodha yetu ya kutembelea wazee. Huwa twaitengeneza kwa hesabu: bibi fulani ana wajukuu watatu nyumbani, basi hayuko peke yake, tumruke. Mwaka jana tulimruka mmoja namna hiyo, na kalamu ilikuwa mkononi mwetu, kama ilivyokuwa darasani. Alipotukuta nje ya kanisa alisema, "Mwalimu, wajukuu wananisalimu vizuri, ila hakuna hata mmoja aliyemjua babu yao. Nikimtaja, namtajia nani?" Hatukuwa na jibu. Umoja wa Mama wamekubali kuanzia kwake Alhamisi ijayo, nasi tutafuatana nao, maana mumewe tulimjua sana, hata mzaha wake.

Yule mwanafunzi hatujui yuko wapi sasa. Akisoma gazeti hili, alama yake moja tungali nayo.