Kinyonga Aliyefumba Macho Mchana

Yapo masuali ambayo kwa nje huonekana ya kitoto, lakini mtu akiyashika vizuri humpeleka mbali. Mojawapo ni hili: tumwonapo kiumbe asiyesema amefumba macho, tutajuaje kama anaumwa au amesinzia tu? Na ikiwa hatuwezi kujua kwa yakini, dhamana yetu juu yake inaishia wapi? Katika makala haya napenda kulitazama suali hili kwa mfano wa kinyonga mchanga anayefugwa ndani ya nyumba.

Msomaji wa visiwani huenda akacheka. Kwetu kinyonga hafugwi. Watoto humkimbia au humpiga mawe, na watu wazima hulitumia jina lake kumtukana asiye na msimamo. Katika baadhi ya visa vya mataifa ya Kibantu, yeye ndiye mjumbe aliyetumwa kuwaletea wanadamu khabari ya uzima wa milele, akakawia njiani hata mjusi akamtangulia na khabari ya mauti. Lakini kinyonga wa Yemen na kusini-magharibi mwa Saudi Arabia, ambaye wataalamu humwita Chamaeleo calyptratus, mwenye kishungi kirefu kichwani, leo ni mnyama wa nyumbani huko Ulaya na Marekani. Huzalishwa na kuuzwa angali mchanga, na aghalabu mnunuzi wake ni mzazi anayetaka kumfurahisha mwanawe. Nasi hatuko mbali sana na jambo hili, kwani mwaka 2006 wataalamu walipowatenga baadhi ya vinyonga wa milima ya Afrika ya Mashariki katika jenasi yao wenyewe, waliipa jenasi hiyo jina la lugha yetu: Kinyonga.

Tuanze na yanayojulikana. Kinyonga ni mnyama wa mchana. Jua likitua hushika kijiti, rangi yake hufifia, hufumba macho na kulala fofofo mpaka asubuhi. Basi aliyefumba macho usiku amepumzika, wala hapana la kuuliza. Aliyefumba macho saa sita ya mchana ndiye anayetutia mashakani, kwa sababu mchana macho yake hayatulii: kila moja huzunguka kivyake, hili likitafuta mdudu na lile likitazama adui. Macho hayo yakifungwa wakati wa kazi, sababu zaweza kuwa nyingi. Huenda ana kiu, na hapo macho huwa yamebonyea, na ile sehemu ya kinyesi chake inayopaswa kuwa nyeupe hugeuka manjano au rangi ya chungwa. Huenda amepungukiwa na vitamini A, au jicho limeingia uchafu. Huenda mifupa yake imelegea kwa kukosa kalsiamu, akawa anatetemeka na miguu kupinda. Huenda anaona baridi tu. Na huenda amefumba kwa sababu sisi tumesimama mbele yake tunamkodolea macho, naye hana pa kukimbilia.

Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa mwanadamu, methali hiyo ni lawama, kwani yeye anao wa kumwambia. Kwa kinyonga mambo ni kinyume. Porini, anayeonyesha udhaifu wake ndiye anayeliwa kwanza. Kuficha maradhi ndiko kulikowaokoa wazee wake. Ndiyo maana maradhi ya kinyonga yanapofika kuonekana na mtu asiye mjuzi, mara nyingi huwa yamekwisha kwenda mbali. Silaha iliyomlinda mbele ya ndege na nyoka humgeukia anapokuwa mikononi mwa anayempenda.

Hapo ndipo suali la ilimu linapokuwa suali la maadili. Mwenye kutazama anaweza kukosea kwa njia mbili. Anaweza kuyaita maradhi usingizi, na kiumbe akafa huku bwana wake amemwachia apumzike. Au anaweza kuuita usingizi maradhi, akamwamsha, akamshika, akamgeuza huku na huku kumtafuta kasoro. Upesi mtu atasema kwamba kosa la pili ni jepesi, na kwamba hadhari haijamdhuru mtu. Kwa kinyonga hivyo sivyo. Kushikwashikwa kwake ni khofu, na khofu ya kila siku nayo humdhoofisha. Kwa hiyo huruma yenye pupa haitoshi kuwa jawabu, kama vile uvivu unaojiita subira usivyotosha.

Wapo watakaosema kwamba mjadala huu hauna mwisho, kwa kuwa hapana mtu aliyepata kuingia ndani ya ngozi ya kinyonga. Mwaka 1974 mwanafalsafa Thomas Nagel aliandika makala mashuhuri akiuliza kuwa popo ni jambo la namna gani kwa popo mwenyewe, na akaonyesha kwamba ujuzi wetu wote wa mwili wa popo hautupi jawabu. Hoja hiyo ina nguvu. Lakini tusiikubali iwe kisingizio. Mfugaji hatakiwi kujua maumivu yana ladha gani kwa kinyonga. Anatakiwa kujua kama leo yake inafanana na jana yake: jana aliamka saa ngapi, alikula wadudu wangapi, alinywa matone ya majani au aliyapuuza, alishika kijiti kwa nguvu au kwa kulegea, wiki iliyopita mizani ilisoma gramu ngapi. Haya yote yanajulikana bila ya kuingia ndani ya ngozi ya mtu. Lakini hayajulikani kwa ghafla. Anayeanza kumtazama kinyonga wake siku ile ya mashaka amekwisha kuchelewa, kwa kuwa hana jana ya kuilinganisha na leo. Dhamana huanza siku ambazo hapana kilichoharibika.

Kuna jambo jingine zito zaidi. Kinyonga wa porini akiona baridi hupanda juu kulifuata jua. Akiona joto hushuka kivulini. Akiona kiu hulamba umande. Aliye ndani ya tundu hana hiari hizo. Aliyemweka humo amejifanya yeye ndiye jua lake, ndiye mvua yake na ndiye usiku wake. Taa ikiwa haitoi joto la kutosha, kinyonga atazubaa, kwani mwili wake hauzalishi joto la kumtosha. Tundu likiwekwa nyuma ya kioo cha dirisha, mwenye nyumba ataona mwanga tele, lakini kioo huzuia sehemu kubwa ya ile mionzi ya urujuanimno ambayo kwayo mwili hutengeneza vitamini D na kuipa mifupa nguvu. Hata taa maalumu za mionzi hiyo hupungua nguvu kwa miezi huku zikiendelea kuwaka vilevile machoni petu. Basi yawezekana mnyama akafumba macho mchana kwa sababu, kwa upande wake, mchana haukuwahi kuingia humo ndani. Kuuliza ‘anaumwa au amelala?’ kana kwamba jambo hilo ni lake peke yake, ni kulikwepa suali la kwanza: tumempa mchana wa namna gani?

Katika karne ya 10, Ikhwan al-Safa wa Basra waliandika kisa ambacho ndani yake wanyama wanawashitaki wanadamu mbele ya mfalme wa majini, na mahali pa kesi hiyo ni kisiwani. Waandishi wale waliona kwamba, ili wanyama wapate kusikilizwa, sharti kwanza wapewe ulimi. Katika kisa hicho kila mmoja anaeleza dhuluma yake kwa ufasaha. Kinyonga wetu hana baraza hilo. Wakili wake ni yuleyule anayeshitakiwa, na ushahidi wake ni jicho lililobonyea na mkono ulioshindwa kufumbata kijiti. Anayepewa nafasi mbili za namna hiyo kwa pamoja hana budi kujichunguza mara mbili.

Atatokea wa kutuambia: watoto wa watu wanakufa, nanyi mnajadili usingizi wa mjusi? Lawama hiyo tusiidharau. Lakini tutazame mama anavyofundishwa kliniki kuhusu mtoto mchanga: mtoto akilala kuliko kawaida yake, akawa haamki hata kunyonya, hiyo ni dalili ya hatari, apelekwe hospitali mara moja. Mama huyo naye yuko mbele ya asiyesema, naye hukisia baina ya raha na ugonjwa. Kinachomwongoza si mapenzi peke yake, kwa kuwa mapenzi yaweza kumdanganya akafurahi kwamba leo mwanawe ametulia. Kinachomwongoza ni kuijua kawaida ya mtoto wake. Na mzee anayejibu kila siku kwamba amechoka tu, naye husomwa na yule aliyezoea kukaa naye. Jicho linalojizoeza kumsoma kiumbe mdogo asiyesema halimwibii mtu huruma yake. Tena mtu akisema kwamba mnyama hastahili uangalifu wote huo, amejipa sababu nzuri ya kutomfuga, lakini hajajipa ruhusa ya kumfuga vibaya.

Basi jawabu la suali letu ni lipi? Kinyonga mchanga akifumba macho mara moja mchana, akashituka na kufungua kiumbe kinapopita, akala na kupanda kama desturi yake, aachwe. Na aachiwe pia majani ya kujifichia na macho ya watu. Akirejea kufumba, joto na maji na taa vipimwe siku hiyohiyo, kwani makosa ya mfugaji yatafutwe kabla ya maradhi ya mfugwa. Kama pamoja na hayo hali, macho yamebonyea, au mikono imelegea, asingojewe mpaka kesho. Apelekwe kwa daktari wa mifugo anayewajua wanyama wa jamii hiyo. Na mahali ambapo hapana daktari wa namna hiyo, wala taa, wala mtu wa kukaa naye siku zisizo na tukio, hukumu inapaswa kutolewa mapema zaidi, mlangoni mwa duka, kabla ya fedha kutoka mfukoni.